Acheni kudharau Pokémon Rubis: ule ulihitaji jirani, huu wenu unahitaji mega

Mabanga, Goma – Jumamosi jioni, kwenye kibanda kimoja cha kuchajia simu hapa Mabanga Kusini, niliambiwa mbele ya watu kwamba nimezeeka. Kosa langu ni kwamba nilitoa mfukoni Game Boy Advance yangu ya zamani, nikaiwekea pile mbili mpya na kuanza kucheza. Kijana mmoja mwenye Switch aliyotumiwa na shangazi yake kutoka Ubelgiji akacheka: "Yaya, ile jeu ni ya batoto ba zamani. Siye tuko ku Écarlate." Wenzake wakapiga makofi. Sikujibu, kwa sababu jenereta ilikuwa inapiga kelele na mimi napaza sauti kazini siku nzima. Leo najibu.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: mtoto anatoka kijijini kwao, anakamata viumbe vinavyoitwa Pokémon, anavizoeza kupambana na anazunguka nchi nzima. Ulianza Japani tarehe 27 Februari 1996 kwa kaseti mbili za Game Boy, Nyekundu na Kijani, zenye viumbe 151. Aliyeubuni, Satoshi Tajiri, alipenda kukusanya wadudu alipokuwa mtoto. Alipouona waya unaounganisha Game Boy mbili, aliwaza wadudu wakitembea juu yake kutoka mashine moja kwenda nyingine. Ndiyo maana kaseti zilikuwa mbili, na kila moja ilikosa viumbe kadhaa ambavyo nyenzake inavyo. Ukinunua moja, hata ukicheza mwaka mzima, huwezi kukamilisha orodha. Lazima utafute mtu mwenye ile nyingine, mkae kitako, mfunge waya, mpeane.

Shikeni hilo, nitalirudia.

Rubis na ndugu yake Saphir vilitoka Japani mwezi wa Novemba 2002. Wakaaji wa Goma hawahitaji kukumbushwa mwaka huo. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, lava ikakatiza mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia Ziwa Kivu. Miezi kumi baadaye, mbali sana na sisi, unatoka mchezo ambao katikati ya nchi yake kuna volkano, na majivu yanaanguka njiani kama mvua. Sisemi walituwaza sisi. Nchi ya mchezo huo, Hoenn, imechorwa kwa kufuata kisiwa cha Kyushu, ambako volkano ya Sakurajima inaumwagia majivu mji wa Kagoshima, na wakaaji wake hupewa mifuko ya kuyakusanyia. Waliotengeneza Rubis walijua wanachokisema, na mtu wa Goma anakitambua mara moja.

Kwenye Njia ya 113 nyasi zote ni za kijivu. Ukipita, majivu yanadondoka, na mchezo unakupa mfuko uyakusanye. Ukiujaza unaupeleka kwa fundi wa vioo anayeishi pembeni ya njia, naye anakutengenezea filimbi. Tazama sasa kuta za Mabanga. Tazama nyua na misingi ya nyumba zetu, na vijana wanaopasua lava kwa nyundo na kuiuza kwa marundo. Hata jina, kwa Kilingala mabanga ni mawe. Hakuna mchezo mwingine katika mfululizo huu wote ulioelewa kwamba watu wanaoishi chini ya volkano hawakai wakilia kila siku. Wanachukua kile mlima ulichotupa na kukifanyia kazi. Chini ya Mont Chimnée kuna mji wa Vermilava, na wazee wa pale wanaoga maji ya moto bila wasiwasi, na bibi mmoja anakupa yai ulilee.

Halafu kuna Max, kiongozi wa Team Magma. Anataka kuiamsha volkano, na baadaye Groudon, ili nchi kavu iongezeke, kwa sababu kwake nchi kavu zaidi ni maendeleo. Mtoto wa Ulaya anamwona ni adui wa katuni tu. Mimi nilimwona ni mtu anayehesabu ardhi bila kuhesabu nyumba zilizo juu yake. Ardhi ambayo volkano inaongeza tunaifahamu: ni nyeusi, inakata viatu, na huipandi maharage leo wala kesho. Groudon anapoamka jua linazidi mpaka Max mwenyewe anaogopa alichokifanya. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kupasuka tena, gavana wa kijeshi alipoamuru kartie kumi za Goma zihamwe, Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini zikiwemo, nilikuwa njiani kuelekea Sake na kinasa sauti begani. Kando ya barabara, juu ya godoro lililofungwa kamba, watoto wawili walikuwa wanacheza Émeraude kwenye simu moja, mmoja akibonyeza, mwingine akimwambia aende wapi. Hapakuwa na mtandao wa kutegemewa siku ile, lakini mchezo haukuuhitaji.

Sasa turudi kwenye waya.

Mwaka 2008 Rubis ilikuwa kwangu, Saphir kwa jirani yangu, na waya ulikuwa wetu sote wawili, tulichanga. Kuna viumbe ambavyo havikui mpaka vipite kwenye waya. Gravalanch, jiwe lenye mikono, atabaki Gravalanch maisha yake yote ukimshikilia. Anageuka Grolem pale tu unapomkabidhi kwa mtu mwingine. Fikiria hilo kwa mtoto wa mji huu, aliyefundishwa kwamba ukiachilia kitu hukioni tena. Umemlea Gravalanch wiki tatu, kwenye mashine ambayo kioo chake hakina taa kwa hiyo unacheza mchana tu, na sasa unampa jirani. Atarudisha? Mara ya kwanza jirani yangu alikaa na Mackogneur wangu siku kumi na nne. Hatukusalimiana. Mama yake ndiye aliyetupatanisha, ingawa hakujua Mackogneur ni nini.

Baadaye tulipeana Gravalanch kwa Gravalanch, kila mmoja akapata Grolem, tukakubaliana tusirudishiane. Kiumbe kilichopewa kinabaki na jina la mwenyewe wa kwanza. Jirani alihama Goma miaka mingi iliyopita. Grolem wake yuko kwangu, na kila nikifungua ukurasa wake nasoma jina la rafiki yangu.

Ndiyo sababu nachukia kusikia kwamba Écarlate ni "mbele" na Rubis ni "nyuma".

Niseme ukweli, Écarlate na Violet vina mema yake. Unakwenda unakotaka, huzuiwi na ua wala mlinzi. Hadithi ya kijana Pepper na mbwa wake mgonjwa iligusa hata mimi mzee. Lakini vilipotoka tarehe 18 Novemba 2022 vilitoka vibovu: watu wanazama kwenye ardhi, picha inakwamakwama, kamera inapenya ndani ya mlima. Kampuni ikauza zaidi ya milioni kumi kwa siku tatu za kwanza, kisha ikaanza kutuma marekebisho kupitia intaneti. Mtu wa Brussels anapokea marekebisho hayo akiwa amelala. Wa Mabanga anahesabu franka, ananunua mega, anasubiri saa za usiku mtandao unapopungua watu, na umeme ukikatika anaanza upya. Kaseti ya Rubis ilitoka kiwandani ikiwa imekamilika kwa sababu hapakuwa na njia ya kuitengeneza baadaye. Ilikuwa na makosa madogo, ndiyo. Lakini fundi anayejua hatapata nafasi ya pili hufanya kazi kwa namna nyingine.

Épée na Bouclier sitavichosha kalamu. Mwezi wa Juni 2019 ilitangazwa kwamba viumbe vingi vya zamani havitaingia. Orodha ya nchi ya Galar ikawa na 400, wakati kwa jumla walikuwa wamefika 890. Mwaka 2020 baadhi yao walirudishwa kwa nyongeza za kupakua. Tena mega.

Hapo kijana wangu wa kibandani atanishika koo, na atakuwa na haki: Rubis nayo ilifunga mlango. Kweli. Viumbe wa kaseti za 1996 hadi 2000 havikuweza kupita kwenda Rubis, na orodha ya Hoenn ilikuwa na 202 tu kati ya 386. Watu wa wakati ule walilalamika, na mimi ningelalamika pamoja nao. Ila tofauti iko hapa: wote 386 walikuwa wameandikwa ndani ya kaseti ya Rubis. Walisubiri mtu aje na waya. Zilipotoka Rouge Feu na Vert Feuille mwaka 2004, waliobaki wakaanza kupita, mmoja mmoja, kutoka mkono kwa mkono. Kwa Épée, kiumbe kisichoandikwa hata ndugu yako angekuwa nacho kwenye mashine nyingine hawezi kukupa.

Na Grolem wa rafiki yangu? Nimetafuta namna ya kumfikisha kwenye michezo mipya. Njia ipo, na ni kama safari ya kupanda mashua nne: kutoka kaseti ya Advance kwenda Diamant au Perle kwa mashine ya DS, kutoka hapo kwenda Noir au Blanc, kisha programu iitwayo Bank kwenye 3DS, kisha Home. Duka la 3DS lilifungwa mwezi wa Machi 2023. Asiyekuwa ameipakua Bank kabla ya hapo amebaki ufukweni. Na ukifika Home, bure unapewa nafasi 30, zaidi ya hapo unalipa kila mwezi au kila mwaka, kwa kadi ya benki. Waambieni wakaaji wa kartie yetu habari ya kadi ya benki mwone watakavyowatazama.

Pokémon GO ndiyo usiniambie kabisa. Mchezo wa kutembea mjini umeinua simu ukielekeza kamera huku na huku, Goma? Mimi nina kadi ya mwandishi wa habari na bado siinui simu ovyo.

Wengine wataniuliza mbona nasifu waya wakati watoto wengi hapa wanacheza Rubis na Émeraude kwenye simu, kwa programu zinazoiga mashine ya zamani, faili zikipita kutoka simu hadi simu. Kampuni inaita wizi, na kisheria ina hoja. Sitamtetea anayeuza faili hizo. Lakini miaka yote hii sijaona Goma duka moja lililoweka kaseti halali kwenye rafu, wala mchezo hata mmoja wa mfululizo huu uliotafsiriwa kwa lugha yoyote ya Afrika. Tunasoma Kifaransa cha shule, tunajifunza majina ya Gobou na Poussifeu, tunajichukulia tulichobakishiwa. (Habari ya coltan ya Rubaya na mashine zinazotengenezwa kwa madini yetu naiacha. Nikiianza sitarudi kwenye Pokémon.) Kinachonisikitisha kuhusu hizo simu ni kingine: mara nyingi zinacheza vizuri lakini waya hazina. Mtoto anabaki na Gravalanch wake.

Na wenye mchezo nao wanaelekea huko huko. Légendes: Arceus, wa Januari 2022, naupenda kuliko yote ya Switch. Viumbe vinakushambulia wewe mwenyewe, unakimbia, unajificha nyasini, unaogopa kweli. Ila ndani yake kuna kifaa chenye umbo la waya. Unakipata, unampa Gravalanch, anageuka Grolem papo hapo, hujaongea na mtu. Waya ule ule wa Tajiri, wamekupa uutumie peke yako chumbani. Najua ni msaada kwa mtu asiye na mwenzake, na leo ungenifaa hata mimi. Bado nilipouona mara ya kwanza nilizima mashine nikatoka nje.

Kijana wa Écarlate, sikuombi uache mchezo wako. Nakuomba uje na Switch yako na mwenzako mwenye Violet, mkae kwenye benchi moja mpeane bila intaneti, kwa sababu hilo bado linawezekana na sijawahi kuwaona mkilifanya. Kila mmoja wenu ana kiti chake na masikio yake yamezibwa.

Kaseti yangu imechoka. Betri yake ya ndani imekufa: kila nikiwasha naonywa kwamba mambo yanayofuata saa hayatatokea tena, kwa hiyo matunda niliyopanda yamesimama vile vile, hayakui. Lakini bado inahifadhi mchezo. Nina Solaroc wawili na Mangriff mmoja, vyote vya Rubis. Natafuta Séléroc na Séviper, vya Saphir. Waya ninao. Mwenye Saphir, Mabanga Kusini au Kaskazini, hata Majengo au Katindo, nipo kwenye kibanda kile kile kila Jumamosi baada ya saa tisa, kabla jua halijazama, kwa sababu ya kioo.