Kinundu Kilichounguzwa Kifuatiliwe

Tiba ya kuunguza kwa joto vinundu vya tezi ya shingo visivyo vya saratani, ambayo madaktari wa Korea Kusini na Italia wameitumia tangu miaka ya 2000, ni hatua kubwa. Shingo haibaki na kovu la kisu, na katika mwaka mmoja kinundu kwa kawaida hupungua kwa zaidi ya nusu.

Lakini kupungua si kuondoka. Nyuma ya tezi hupita mshipa wa fahamu unaotawala sauti, na daktari mwangalifu, ambaye hatumlaumu hata kidogo, huogopa kuugusa. Ukingo wa kinundu unaoachwa hai ndio unaoweza kukua tena, aghalabu baada ya miaka miwili au mitatu, wakati mgonjwa amekwisha kuisahau hospitali.

Kwa hiyo, kumwambia mgonjwa amepona na kumwacha aende zake ni kumdanganya. Aelezwe mapema kwamba huenda akaunguzwa mara ya pili, au akapasuliwa. Apimwe kwa altrasaundi kwa miaka kadhaa, na kila kipimo kiandikwe katika cheti chake, ili daktari atakayempokea mwaka wa tano awe na cha kulinganisha.