Ndoa Ni Haki, Cheti Ni Ushahidi



Juma lililopita alifika ofisini mama mmoja wa hapa Kinondoni, akitaka nakala ya cheti cha ndoa ya binti yake. Binti ameolewa na Mjerumani, nao wanakaa papa hapa Dar es Salaam. Wifi yake amejifungua huko Ufaransa, wakaamua kwenda kumwona mtoto. Ametokea bwana mmoja anayewadai shilingi laki sita ili awatafutie viza. Mama akaniuliza, “Karani, mume ni mtu wa Ulaya. Mbona mkewe azuiliwe mlangoni?”

Nikamjibu, “Hazuiliwi, mama, ila aijue njia.”

Kwanza, ndoa si uraia. Binti hakugeuka Mjerumani kwa kuolewa. Pasi yake ni ya Tanzania, na mwenye pasi hiyo hutakiwa viza kuingia Ufaransa.

Lakini nchi 27 za Umoja wa Ulaya zina sheria ya mwaka 2004. Raia wa Umoja akienda nchi ya Umoja isiyo yake, mwenzi wake ana haki ya kwenda naye au kumfuata. Viza hutolewa bure, tena upesi, hali msafiri wa kawaida hulipa yuro 90 tangu Juni 2024. Mke hadaiwi hesabu ya benki wala barua ya mwajiri. Huonyesha pasi, cheti cha ndoa, na ushahidi kwamba mumewe ni raia wa Umoja na kwamba wanasafiri pamoja au anamfuata. Basi, zile laki sita ni za nini?

Angalieni, hata hivyo, yale maneno “isiyo yake”. Mjerumani akimpeleka mkewe Ujerumani, kwa kawaida sheria hii haimhusu. Hufuatwa sheria za Ujerumani yenyewe. Mume akibaki Kinondoni na mke akaenda peke yake kutembea, huyo ni msafiri kama wengine. Na mume Mwingereza hafungui mlango huu, kwa kuwa Uingereza ilitoka katika Umoja mwaka 2020.

Mama alifurahi. Ndipo nikafungua kitabu cha ndoa. Binti ameandikwa Magreth. Katika pasi ni Margaret. Nilimwonyesha, akanyamaza. Sisi sote tulikuwapo siku ya arusi, tukala pilau na kupiga vigelegele. Lakini yule wa dirishani ubalozini hakuwapo. Yeye hutujua kwa karatasi tu, na karatasi mbili zisipopatana humtia shaka.

Sasa tumeanza kazi ya kusahihisha jina, na safari imesogezwa mbele. Mtoto atangoja.

Enyi wachumba, siku ya kutia sahihi msiwe na haraka ya kwenda kupigwa picha. Someni majina yenu, herufi kwa herufi, na pasi mkononi kama mnayo. Karani naye ni binadamu. Kalamu yake huteleza.