MASHAURI YA NYUMBANI: Maua ya Kutundika Barazani

Mwezi huu twapenda kusema habari za maua yatundikwayo barazani. Wala si yale yapandwayo juu ya chombo peke yake, bali yale yapandwayo hata ubavuni, katika matundu, mpaka chombo chenyewe kisionekane tena, ikawa kama tufe la maua na majani lining'iniayo hewani.

Mtu wa Bugarama atauliza upesi: Je, katika nchi hii ya jua, ambayo mwezi wa Agosti hata nyasi za njiani zimekuwa kama majivu, maua hayo yatanyweshwa maji gani? Swali hilo ni la haki, nasi hatutalipita, kwa kuwa kila ndoo ya maji ina kichwa kilichoibeba. Lakini kwanza tuseme kwa nini tutundike. Panapo kuku na mbuzi, ua lililopandwa chini halimalizi wiki mbili. Tena uwanja wa mbele umekanyagwa na ng'ombe na watoto hata umekuwa mgumu kama sakafu. Chombo kikiwa juu ya kichwa cha mtu, adui hao wote hawakifikii.

Wala kupanda ubavuni si jambo geni katika Afrika Mashariki. Huko Kibera, mjini Nairobi, baada ya machafuko ya uchaguzi, shirika la Solidarités la Ufaransa lilianza mwaka 2008 kuwasaidia wenyeji walime mboga katika magunia. Katikati ya gunia husimamishwa nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke mpaka chini, na miche ya sukuma wiki hutiwa katika matundu ya pembeni. Gunia moja likasimama mahali pa shamba dogo. Sisi twachukua akili ile ile, ila chombo chetu ni kidogo nacho chaning'inia.

Basi, chombo gani? Ndoo ya lita 10 iliyokuwa na mafuta ya kula yafaa sana. Kapu la waya lililowekwa gunia la katani ndani lapendeza zaidi, lakini hukauka upesi, nasi hatulisifu kwa nchi yetu. Ndoo ya lita 20 tusiitundike kabisa: ikijaa udongo uliolowa, uzito wake wapata kilo 30, nayo ikianguka haitachagua kichwa. Hata hiyo ndogo ifungwe kwenye boriti au mbao ya kenchi, kwa waya mnene, si kwa kamba ya katani ambayo maji yataiozesha.

Hapa yatupasa kusema jambo zito kuliko maua. Nchi yetu ni nchi ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001, na wachimbaji wadogo wana makarasha na mialo yao huku na huku mpaka Geita. Katika kazi hiyo yatumika zebaki na sianidi, nazo zote mbili ni sumu. Mapipa, madumu na magunia yaliyochukua dawa hizo huonekana mazuri, imara, tena ya bei ndogo. Usiyachukue. Usiseme, "Nitayaosha kwa sabuni." Hayafai kwa maji, hayafai kwa nafaka, wala hayafai kwa ua, maana mkono wa mtoto utashika udongo ule, kisha utaingia kinywani. Na chombo ambacho hukijui kilikuwa na nini, kihesabu kuwa ni kibaya. Vivyo hivyo na mchanga laini wa marudio: wengine huuona ni mwepesi na safi, wakautamani kwa kuchanganya udongo. Zebaki haiozi kama samadi, wala haimalizwi na mvua ya mwaka mmoja. Chota udongo wako mbali na makarasha na mialo, na mahali ambapo maji yake hayakupita.

Udongo wenyewe tunao wa namna mbili zilizo mbali sana. Ule mweusi wa mbugani, ukilowa ni kinamo, ukikauka wapasuka nyufa za kuingiza kidole. Katika ndoo utaachana na ukuta, maji yapite pembeni na mizizi ife kiu. Ule wa kichanga uitwao luseni haushiki maji. Kila mmoja peke yake ni mbaya. Changanya mafungu mawili ya luseni, fungu moja la samadi ya zamani iliyokwisha kuwa kama udongo, na fungu moja la makapi ya mpunga ili pawe pepesi. Ukipenda kuongeza konzi chache za udongo wa mbugani, ongeza. Samadi mbichi huunguza mizizi, iache zizini.

Sasa toboa. Tundu ndogo nne au tano chini, za kutolea maji. Kisha matundu ya ubavuni, upana wa vidole viwili, safu mbili, kila tundu mbali na mwenzake kadiri ya shubiri moja, na yale ya juu yakae katikati ya yale ya chini, yasilingane. Chukua chupa tupu ya maji ya lita moja, itoboe mbavuni kwa sindano ya moto, uisimamishe katikati ya ndoo, mdomo wake juu. Hiyo ndiyo nguzo yetu ya mawe. Pasipo hiyo, maji umwagayo juu yataponyokea kwenye matundu ya kwanza, na mimea ya chini haitaonja kitu.

Jaza udongo mpaka usawa wa matundu ya chini. Mche usiusukume mizizi kutoka nje, utaivunja. Majani yake yafunge kwa karatasi kama sigara, uyapitishe kutoka ndani kwenda nje, mizizi ilale juu ya udongo, kisha uvute karatasi. Kipande kidogo cha gunia chenye mpasuko, kikizunguka shingo ya mche, kitazuia udongo usimwagike. Funika, shindilia kwa vidole tu, endelea na safu ya pili, mwisho panda ya juu. Usitundike siku hiyo. Acha chombo chini ya kivuli wiki mbili, juu ya meza ambayo kuku hawaifikii, mpaka mimea ishike.

Tuje katika kuchagua, na hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu huchagua kwa macho. Katika vyombo vya kutundika vya Ulaya na Marekani, mojawapo la maua yapendwayo sana ni Impatiens walleriana, lenye shina laini la maji, na vifuko vya mbegu vipasukavyo kwa kuguswa. Wengi hudhani ni ua la Kizungu. Sivyo, kwao ni mahali penye unyevu na kivuli katika Afrika Mashariki, tangu Kenya mpaka Msumbiji. Jina lake la pili latokana na Horace Waller, aliyekuja na misheni ya Waingereza katika bonde la Shire mwaka 1861. Mmea huo ulipopelekwa Uingereza kutoka Unguja na Dokta John Kirk, balozi wao huko, mtaalamu Joseph Hooker aliuita mwaka 1882 Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Unguja. Baadaye ikajulikana kuwa ni mmea ule ule. Basi ni jamaa yetu, lakini jamaa wa bondeni. Huku utaishi barazani upande wa mashariki, upate jua la asubuhi tu. Ukikosa maji siku moja ya Septemba, jioni umelala. Yule urujuani wa Usambara, ambao Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliupeleka kwao mwaka 1892, usijaribu kuutundika kabisa. Upepo wetu mkavu utaumaliza.

Mahali pa jua panda Portulaca grandiflora, lenye majani manene kama punje, ambalo hufungua maua jua likipanda na kuyafunga jioni. Lahifadhi maji mwilini mwake. Kwa kuning'inia, lipo Thunbergia alata, ua la rangi ya chungwa lenye jicho jeusi, ambalo ni la mwitu wa Afrika Mashariki. Mbegu zake huota upesi.

Na majani? Hapa mtu asiende mbali. Huko Marekani watu hununua dukani viazi vitamu vya majani ya zambarau au ya kijani cha ndimu, wavitundike kwa uzuri wa majani tu. Sisi tulao michembe na matobolwa tunayo mashamba mazima! Kipande cha mshipa chenye vifundo vitatu, kikipandwa ubavuni, baada ya mwezi kimeteremka kama ushungi, tena mama atachuma matembele pale pale mlangoni.

Lakini angalia. Ule mmea wa Madagaska, Catharanthus roseus, wenye ua jeupe au la waridi, ambao huvumilia ukame sana, una sumu ukiliwa, ingawa ndani yake hutolewa dawa za saratani ya damu. Upande, ni mzuri. Ila chombo chake kiwe mbali na cha matembele, maana mpishi wa jioni huchuma gizani.

Turudi kwenye maji. Chombo kimoja cha lita 10, wakati wa kiangazi, chataka lita moja hivi kila siku, na penye jua kali zaidi kidogo. Maji yaliyooshea mchele au mboga yatosha. Yenye sabuni nyingi au chumvi usimimine. Mimina asubuhi, nusu katika chupa, nusu juu. Mwenye maji kidogo atundike chombo kimoja, si vitano. Usiweke sahani chini yake, maana ni nyumba ya mbu. Kumbuka pia kwamba mwezi wa Juni jua letu la adhuhuri hukaa kaskazini, nalo huingia chini ya paa la upande huo. Chombo kilichostarehe huko Desemba kihamishwe upande wa pili.

Kila siku chache kizungushe robo, na ncha zinazorefuka uzikate. Ncha hizo za viazi zikatiwe kwenye chungu chenye kivuli mwezi wa Oktoba, na mvua za Novemba zitakapoanza, utakuwa na miche ya chombo kingine, na mingine ya kumpa jirani.