Nani Aliwaambia Kikapu Lazima Kibebe Kitu?

Mwezi uliopita nilibeba kikapu changu kichwani kutoka nyumbani mpaka kwenye banda la kikundi cha wasusi, mwendo wa karibu saa nzima. Watoto walinifuata wakicheka, kwa sababu kikapu chenyewe kikisimama kinanifika kifuani, na hakina kitako. Ukichungulia kwa juu unaona ardhi. Nilipofika, yule dada wa shirika (simtaji yeye wala shirika lake, maana shida hii si yake peke yake) alikizunguka mara mbili, kisha akatoa karatasi yake ya plastiki, ile yenye picha na vipimo: upana sentimita 20, rangi tatu, kifuniko chenye ncha. Akasema, "Mama, hii siyo ya asili. Wateja wanataka ya asili." Halafu akaongeza kwa upole, kama mtu anayenisaidia: "Lakini ukikitia kitako tunaweza kukichukua, kiwe cha kuwekea nguo chafu."

Nguo chafu!

Kikaoni nilipewa dakika mbili za kujibu, na moja niliimaliza kwa kukohoa. Basi najibu hapa, kwa kuwa kijarida hiki tunakisoma sisi tunaolala kambini na mnakisoma pia nyinyi mnaokuja asubuhi kwa magari na kuondoka jioni.

Nianze na hilo neno asili. Nimezaliwa Makamba, Burundi, na kusuka nimefundishwa na bibi mzaa mama. Kwetu kikapu cha heshima ni igiseke. Unachukua kifungu cha majani, chembamba kama kidole, unakizungushia utepe, na kila unapozunguka unakishona kwenye mzunguko wa chini yake kwa sindano, mpaka kinapanda kama nyumba. Kifuniko chake kinachongoka. Ndicho kinachobebwa kichwani kwenda harusini na zawadi ndani, na mtu hafunui cha mwenzake. Bibi alikuwa mkali sana. Mshono ukipinda, fumua, hata kama jua limezama. Lakini bibi huyo huyo alikuwa akinunua dukani rangi ya unga, zambarau kali ambayo hakuna mti wala udongo wa kwetu unaoitoa. Mama yake yeye alitumia nyeusi tu na rangi ya majani yenyewe. Hakuna aliyemwambia bibi kwamba zambarau siyo ya asili. Aliipenda, akaitia, na sisi wajukuu tukakua tukidhani ilikuwepo tangu mababu. Kwa hiyo mkinionyesha picha mkasema hii ndiyo asili, nauliza: asili ya mwaka gani? Ya bibi, au ya mama yake bibi?

Mwaka 2015 tulikimbia. Tulifika Kagunga, kile kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa Tanganyika, watu maelfu kwa maelfu juu ya mchanga, na kipindupindu kikaingia. Aliyekuwepo hahitaji nimweleze, na ambaye hakuwepo sitamweleza leo. MV Liemba ikatupeleka Kigoma, mabasi yakatuleta hapa Nyarugusu, ambapo ndugu zetu Wakongo walikuwa wamekaa tangu 1996. Sindano yangu ilibaki Makamba. Nilikuwa na mtoto mgongoni na sufuria moja.

Majani ya kusukia yapo, ila yako nje ya kambi, na nje ya kambi hatwendi bila kibali, mnajua. Mwaka wa kwanza nilikwenda mara mbili kwa kujiiba. Siku nyingine wenzangu wawili walirudi bila majani na bila panga, na mmoja wao mpaka leo hasemi kilichotokea. Nikaacha. Sasa msusi akikaa bure vidole vyake vinaanza kuchambua chochote: pindo la kitenge, uzi wa turubai, mkeka wa watu. Ndivyo nilivyokijua kiroba. Kiroba cha mgao ukikata upindo wake wa juu kinafumuka chenyewe, utepe baada ya utepe, mweupe, na pale penye maandishi unatoka na vipande vya bluu. Hauozi, na mchwa hawautaki. Lakini unateleza, kwa hiyo unaukaza mara mbili ya majani, na unakata vidole vibaya sana. Kwa ndani, badala ya majani, natia vitenge vilivyochakaa na vipande vya hema. Sindano yangu ya sasa ni njiti ya mwavuli niliyoinoa kwenye jiwe.

Nikasuka vigiseke vya kiroba, vya kawaida kabisa. Halafu usiku mmoja nikaanza kimoja bila kitako. Nisidanganye kwamba nilikuwa na falsafa yoyote. Kitako ndicho kinachoumiza macho, na taa ilikuwa inafifia, nikaanzia kwenye duara pana nikisema kitako nitashona kesho. Kesho ikapita. Nilipofika mzunguko wa tano hivi, nikagundua naongeza mmoja kila mgao unapotoka, kwa sababu ndipo kiroba kinapopatikana. Nikakaa nikahesabu miezi yote ya nyuma tangu Mei 2015, nikaishona kama mtu anayelipa deni. Toka hapo ni mzunguko mmoja kila mwezi. Sasa ni mizunguko 110. Katika ule wa kwanza kabisa, ndani, kuna kitenge nilichombebea mtoto Kagunga. Kuna mahali bluu ni nyingi, kuna mahali ni nyeupe tupu. Mgao ulipopunguzwa mwaka 2023, viroba navyo vikapungua, na mizunguko ya mwaka ule ni myembamba. Pitisha kidole, utaisikia. Hakuna aliyeniambia nisuke njaa, imejisuka.

Haya, niambieni kitako nikitie wapi.

Si watu wa mashirika tu wanaouliza. Jirani yangu, mama Mubembe wa Fizi, alikitazama siku nyingi kikining'inia kwenye mwamba wa nyumba, mwisho akashindwa kuvumilia: "Mama, hii kitu iko ya kubeba nini?" Nikamwambia haibebi. "Basi iko ya bure." Na swali lake si baya, maana hapa kiroba kinaziba paa, kinatandikwa, kinasokotwa kamba, kinapandwa mchicha. Masika moja huyu huyu alikuja kuniomba viroba viwili, paa lilikuwa linavuja juu ya mtoto. Nilikuwa navyo viwili tu. Nakiri kwamba nilisita, na kusita kule bado kunaniaibisha. Nilimpa. Mwezi ule nilishona kwa nyuzi za chandarua kilichokwisha, na mzunguko wake umelegea, unaonekana hata kwa mbali. Kwa hiyo wanaosema sanaa ni ya walioshiba, mimi sisemi hawana hoja. Nasema hoja yao naijua kuliko wao, ipo pale imeshonwa, wa ishirini na kitu kutoka juu.

Sasa niwaeleze jambo ambalo nililijua mwaka huu tu, na limenitia kiburi, Mungu anisamehe. Kijana mmoja anayesoma kozi kwa intaneti alinisikia nikibishana bombani, akaniletea simu yake kunionyesha picha za mama mmoja wa Marekani, Ruth Asawa. Huyu alizaliwa California mwaka 1926, wazazi wake wakulima kutoka Japani. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya huko iliwakusanya watu wenye asili ya Japani, wakiwemo raia wa kuzaliwa kama yeye, ikawaweka makambini. Familia yake iliwekwa kwanza kwenye uwanja wa mbio za farasi, Santa Anita, wakalala kwenye mabanda ya farasi. Baadaye wakapelekwa kambi ya Rohwer, Arkansas. Pale Santa Anita kulikuwa na wachoraji waliokuwa wakifanya kazi kwa Walt Disney, wamefungiwa vile vile, na hao wakawa wanawafundisha vijana kuchora. Sikilizeni vizuri hapo. Ndani ya kambi msanii alikutana na wasanii, na walifundishana wao kwa wao.

Mwaka 1947, akiwa Toluca, Mexico, aliona jinsi watu wa kule wanavyosuka vikapu vya mayai kwa waya. Akajifunza. Lakini yeye hakuendelea na mayai. Alisuka waya ukapanda, ukavimba, ukabana, ukazaa umbo jingine ndani ya umbo, vitu virefu vya kuning'inizwa darini, huwezi kutia hata yai moja. Alifanya kazi hiyo nyumbani, na watoto sita. Wapo walioiona kazi ya mama wa nyumbani. Mwaka 2020 posta ya Marekani ilitoa stempu zenye picha za vikapu hivyo visivyobeba kitu. Stempu, jamani! Serikali ile ile.

Najua mtaniambia mimi si yeye. Kweli, na tofauti kubwa ndiyo hii: mwaka 1943 aliruhusiwa kutoka Rohwer akaenda chuo. Kipaji alikuwa nacho tangu banda la farasi, lakini bila ile ruhusa tusingeziona stempu. Wanaopanga mafunzo ya ufundi kambini wakiwaza ruhusa kidogo na vipimo vya sentimita kidogo, tungeelewana.

Na wala si yeye peke yake. Afrika Kusini walinzi wa usiku walisuka nyaya za simu zilizotupwa, na sasa vikapu vya nyaya vya Wazulu viko kwenye majumba ya makumbusho. Hakuna aliyewarudisha kwenye majani. El Anatsui, Mghana aliyeishi miaka mingi Nsukka, Nigeria, anaunganisha vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa kama kitambaa cha kufunika ukuta mzima, na mwaka 2015, mwaka ule ule sisi tuko Kagunga, Venice walimpa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Kule South Carolina, wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani bado wanasuka vikapu vya kuzungusha na kushona, ndugu kabisa wa igiseke, vilivyoanza kama nyungo za kupepetea mpunga kwenye mashamba ya mabwana. Mmoja wao, Mary Jackson, alipewa tuzo ya MacArthur mwaka 2008. Vikapu vyake vina mikono inayopaa hewani kwa namna ambayo hakuna mtu angeihitaji kupepetea chochote. Na mnajua kitu kingine? Majina yao yote nimeyaandika hapa kwa sababu yanajulikana.

Hapo ndipo penye kidonda. Mwaka juzi kikundi chetu kilipata oda. Mimi nilisuka vigiseke 60, vyote sawasawa, sentimita 20, rangi tatu. Siidharau hela ile: ilinunua sabuni, viatu vya shule, na dawa ya meno niliyokuwa nimeisahau ladha yake. Wanawake wanaohitaji oda wapewe oda, na mimi nikiitwa kesho nitakwenda. Lakini kila kikapu kilifungwa kikaratasi kilichosema kimetengenezwa na mwanamke mkimbizi. Basi. Siyo jina langu, siyo la mwenzangu. Tulipouliza tukaambiwa ni kwa usalama wetu. Sawa, mtu anaweza kuwa na sababu ya kujificha, aulizwe. Mimi sikuulizwa. Ila vikapu vitatu vilipoonekana na kasoro, walijua ni vya nani siku ile ile, kwa sababu chini ya kila kitako kulikuwa na namba ya msusi. Kumbe jina lipo! Linatafutwa kwenye kasoro tu.

Na sasa mimi nimeleta kitu ambacho hakina kitako cha kubandikia namba. Labda ndiyo maana kimewasumbua.

Ninachotaka si kikubwa. Anayetaka jina lake kwenye kikaratasi aandikiwe, kwa tahajia anayoitaka yeye, si ile ya kwenye kadi ya mgao iliyokosewa tangu 2015. Wasichana wanaofundishwa kusuka wapewe karatasi ya vipimo asubuhi, mchana waachwe na viroba bila karatasi, tuone kitakachotoka. Baadhi yao watasuka takataka. Mimi nimesuka takataka nyingi, niliziwashia moto. Na Juni 20, Siku ya Wakimbizi, wageni wanapopitishwa kwenye meza za bidhaa, pawepo na mti mmoja au boriti moja ya kuning'iniza vitu visivyo na bei.

Dada wa shirika, ukisoma hapa, usinichukie. Wewe una bosi wako, naye ana wateja wake, na karatasi ile hukuichapa wewe. Ila uliponiambia siyo ya asili ulikuwa umeshika ukingo wa juu, na vidole vyako vilikuwa vinapita juu ya mizunguko ile myembamba bila wewe kujua. Nilikuona umesimama kidogo. Njoo nyumbani siku moja bila karatasi, nitakuonyesha kimoja kimoja.

Mzunguko wa 111 bado sijauanza. Mgao umechelewa na kiroba nilichokuwa nacho kimetobolewa na panya. Mwenye kimoja kizima, nina kanga ya kubadilishana, bado ina rangi. Ukifika bomba la juu uliza mama wa kikapu kisicho na kitako, watoto watakuleta.