Resiva ifuate spika, si spika zifuate resiva

Spika zilizoundwa na mafundi wa mitaani ni bidhaa ya kawaida katika miji ya Afrika Mashariki. Seremala hukata mbao za MDF au plaiwudi, fundi redio hufunga ndani yake spika mbili au tatu za dukani, na boksi likishapakwa rangi nyeusi na kuwekewa wavu mbele huwa tayari kwa baa, kanisa, saluni, ukumbi wa harusi au sebule ya mtu. Kinachobaki ni chombo cha kulipigisha, yaani resiva. Resiva inayozungumziwa hapa si king'amuzi cha televisheni, bali ni mashine yenye redio na amplifaya ndani ya kasha moja, inayopokea muziki kutoka kwenye simu, fleshi au televisheni na kuupeleka kwenye spika.

Hapo ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapoingia. Hununua maboksi upande mmoja wa mpaka, resiva mpya au ya mtumba upande mwingine, kisha huuza seti nzima mahali ambapo fundi hajawahi kufika. Ni biashara halali na yenye faida. Lakini imejengwa juu ya kosa moja: resiva huchaguliwa kwanza, kwa namba kubwa iliyoandikwa usoni mwake, na spika hutafutwa baadaye ili kujaza pengo. Utaratibu huo unapaswa kugeuzwa.

Sababu ya kugeuza si ya kitaalamu tu. Seti ikiungua Goma au Bujumbura, mteja hailaumu resiva yenye jina la kigeni. Hulilaumu boksi, kwamba spika za kienyeji hazina maana, na safari ijayo huagiza seti ya kiwandani kutoka mbali. Fundi wa Mwanza au Kampala hupoteza soko bila hata kujua kosa lilikuwa wapi, na mfanyabiashara aliyewaunganisha hupoteza mteja na mtaji. Kila seti mbovu inayovuka mpaka ni tangazo dhidi ya kazi ya mikono ya watu wa Jumuiya.

Jambo la kwanza la kuangalia ni omu, kipimo cha ukinzani wa spika. Spika nyingi huandikwa omu 8 au 4 nyuma ya sumaku. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, boksi zima huwa na omu 4. Maboksi mawili ya namna hiyo yakiungwa sambamba kwenye tundu moja la resiva, huwa omu 2. Zikiungwa kwa mfuatano, moja ikiingia kwenye nyingine, omu hujumlishwa: 8 na 8 huwa 16.

Hesabu yake ni rahisi kuliko hesabu ya kubadilisha shilingi. Resiva ikitoa volti 20 kwenye spika ya omu 8, spika hupokea wati 50. Volti hizo hizo kwenye omu 4 ni wati 100, na kwenye omu 2 ni wati 200. Kwa maneno mengine, kadiri omu zinavyopungua ndivyo resiva inavyolazimishwa kutoa umeme mwingi zaidi. Resiva iliyoandikwa nyuma kwamba inataka omu 6 hadi 16 haikutengenezwa kubeba omu 2. Iliyo nzuri itajizima yenyewe ili kujilinda. Ya bei ya chini itapata moto, kisha itakaa kimya moja kwa moja.

Fundi asipoandika omu za boksi lake, mfanyabiashara anaweza kuzipima kwa mita ya kawaida ya umeme kabla ya kulipa. Boksi la omu 8 husoma karibu na 6 kwenye mita, na la omu 4 husoma 3 na kitu, kwa kuwa mita hupima ukinzani wa waya peke yake. Likisoma 1 na kitu, boksi hilo lisipakiwe kwenye gari hadi fundi abadilishe namna alivyounganisha spika za ndani.

Jambo la pili ni wati, na hapa ndipo ulaghai ulipojaa. Kasha huandikwa wati 1,000, 5,000, hata zaidi, kisha chini kwa herufi ndogo huwekwa PMPO. Kipimo hicho hakina utaratibu wowote unaokubalika wa kukipima. Kila kiwanda huandika kinachopenda. Wati za kuaminika ni zile zinazoitwa RMS, yaani wati ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo. Marekani iliona udanganyifu huu mapema, na tangu mwaka 1974 ina kanuni inayowabana watengenezaji kuhusu namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani. Mfanyabiashara wa mpakani hana kanuni kama hiyo mfukoni, lakini ana macho.

Na ayatumie kusoma kibandiko cha nyuma, pale penye volti na wati ambazo mashine inavuta kutoka ukutani. Resiva inayovuta wati 100 haiwezi kutoa wati 1,000 za muziki mfululizo, kwa sababu hakuna mashine inayotoa nguvu zaidi ya inazopokea. Namba hiyo si kipimo kamili, kwa kuwa muziki hupanda na kushuka na viwanda havipimi kwa njia moja, lakini uongo mkubwa hauwezi kujificha mbele yake. Asome pia masharti yaliyo pembeni ya namba. Wati 100 zilizopimwa kwa chaneli moja pekee ikifanya kazi, na kwa kiwango cha mkwaruzo cha asilimia 10, si sawa na wati 100 zilizopimwa kwa chaneli mbili pamoja na mkwaruzo chini ya asilimia 1. Ya kwanza ni namba ya kuuzia, ya pili ni namba ya kupigia muziki.

Wapo wanaodhani usalama ni kununua resiva ndogo ili isiunguze spika. Hilo nalo ni kosa. Resiva ndogo ikifunguliwa hadi mwisho kwenye ukumbi mkubwa huanza kukata vilele vya sauti. Muziki hugeuka kuwa mkwaruzo, na mkwaruzo huo hupeleka nguvu nyingi kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo ndiyo ya kwanza kufa. Twita nyingi zinazorudishwa kwa fundi hazikuuawa na resiva kubwa, bali na resiva ndogo iliyolazimishwa kupiga kelele za kikubwa.

Kuna kipimo cha tatu ambacho sokoni hakizungumzwi kabisa, nacho ndicho kingewasaidia mafundi wa hapa zaidi ya vingine vyote. Ni usikivu wa spika, yaani sauti inayotoka kwa wati 1 mtu akiwa umbali wa mita 1, na hupimwa kwa desibeli. Kila desibeli 3 zinazoongezeka zinadai nguvu mara mbili. Boksi la desibeli 94 likipewa wati 25 hutoa sauti sawa na boksi la desibeli 88 lililopewa wati 100. Kwa hiyo mteja wa baa anayetaka kishindo hahitaji daima resiva ghali zaidi. Mara nyingi anahitaji boksi lililotengenezwa vizuri zaidi. Fedha ambazo zingekwenda kwenye kasha la kigeni lenye wati nyingi zingeweza kubaki kwa seremala na fundi, na muziki ungekuwa ule ule au bora. Huo ndio utangamano unaoonekana mfukoni.

Kwa wanaouza seti za sebuleni, resiva za chaneli 5 na sabufa zina mtego wake. Tundu lililoandikwa sabufa nyuma ya resiva nyingi za nyumbani halitoi nguvu ya kuendesha spika. Hutoa ishara dogo tu, kwa ajili ya sabufa yenye amplifaya yake ndani. Boksi la besi la fundi kwa kawaida halina amplifaya ndani. Likichomekwa hapo halitoi sauti ya maana, na mteja ataamini ameuziwa kitu kibovu. Mfanyabiashara anayebeba maboksi ya besi ya fundi abebe pia amplifaya ndogo ya kuliendesha, au achague resiva ya chaneli mbili yenye nguvu na kuachana na habari za chaneli 5. Kwa muziki wa kawaida, chaneli mbili imara zina faida kuliko tano dhaifu.

Kisha kuna umeme wenyewe. Nchi za Jumuiya zina bahati ya kukaribiana: umeme wa majumbani ni kati ya volti 220 na 240. Lakini resiva za mtumba zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutaka volti 100, na za Marekani volti 120. Ikichomekwa ukutani Arusha bila transfoma ya kupunguza, maisha yake huisha sekunde hiyo hiyo. Plagi nazo hutofautiana. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia plagi ya pini tatu bapa. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia za pini za mviringo. Ni jambo dogo, lakini mteja wa Kigali akikata waya na kuunga mwenyewe, kosa lolote litarudi kwa aliyemuuzia. Na kwa wateja wa vijijini wanaotegemea sola, ni heri kuwapelekea amplifaya ya volti 12 inayotumia betri moja kwa moja kuliko kuwauzia resiva ya volti 230 pamoja na inveta inayokula chaji.

Forodhani, seti isiandikwe kama kitu kimoja. Resiva iliyotoka China au Dubai haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kuwa imepakiwa pamoja na boksi la fundi. Boksi lenyewe linaweza kustahili kupita bila ushuru wa forodha likitimiza kanuni za uasili wa bidhaa, lakini spika za ndani zikiwa zimeagizwa nje ya Jumuiya jambo hilo haliji lenyewe. Huulizwa kwa ofisa wa forodha kabla ya safari, si baada ya mzigo kuzuiliwa. Cheti rahisi cha uasili hutolewa mpakani kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Nacho huondoa ushuru wa forodha tu. Kodi nyingine za ndani zinaweza kubaki palepale. Anayeandika resiva na maboksi kwenye mistari tofauti ya ankara, kila kimoja na bei yake, hujiepusha na kulipia vyote kwa kiwango cha kile kilicho ghali.

Watakuwapo watakaosema haya yote ni ya mafundi, na kwamba mteja hununua kwa bei na kishindo, si kwa omu na desibeli. Ni kweli mteja hajui omu. Hata hivyo anajua seti iliyodumu mwaka na iliyokufa wiki ya pili, na anakumbuka aliyemuuzia kila moja. Mita ya kupimia ni nafuu kuliko safari moja ya kurudisha mzigo mbovu. Tena udhamini wa dukani mara nyingi hauvuki mpaka: resiva iliyonunuliwa Nairobi na kuungua Juba haina wa kuipokea isipokuwa mfanyabiashara mwenyewe.

Nguvu ya kubadilisha haya iko mikononi mwa wafanyabiashara kuliko kwa serikali yoyote. Wao peke yao ndio wanaokutana na fundi, muuza resiva na mteja katika safari moja. Wakikataa kununua boksi lisiloandikwa nyuma omu zake na wati zake za mfululizo, mafundi wataandika, kwa sababu hakuna fundi anayekataa soko. Vyama vya wafanyabiashara mipakani vinaweza kukubaliana juu ya kibandiko kimoja cha Kiswahili chenye mistari minne: omu, wati za mfululizo, aina ya resiva inayofaa, na namba ya simu ya fundi. Kibandiko hicho kitasomeka Mombasa na kitasomeka Bukavu.

Mashirika ya viwango ya nchi wanachama yana nafasi yake pia, hasa katika kubana maandishi ya PMPO yanayoingia bandarini bila kuulizwa. Lakini kusubiri hilo ndipo biashara ianze kuwa ya kweli ni kuchelewa. Mfanyabiashara anayeanza na spika, akazipima, kisha akatafuta resiva inayozifaa, hatauza seti nyingi kwa siku ya kwanza kuliko jirani yake mwenye makasha ya wati 5,000. Atauza kwa mtu yule yule mara ya pili, na kwa ndugu wa mtu huyo mara ya tatu.