Tamko la Watu wa Ufuo wa Karungu Kuhusu Anga za Juu

1. Sisi, wavuvi, wachuuzi wa samaki, waunda mashua na walimu wa ufuo wa Karungu, tuliokutana Sori katika mkutano mkuu wa chama chetu, tunatoa tamko hili kwa umma wa Kenya, kwa Serikali ya Kaunti ya Migori, na kwa taasisi za Serikali ya Kitaifa zilizokabidhiwa masuala ya anga za juu na hali ya hewa.

2. Huenda wapo watakaouliza wavuvi wana nini na roketi. Chama hakioni haja ya kujitetea. Mvuvi wa omena hufanya kazi kwa kalenda ya mwezi. Giza likiwa totoro, taa huelea majini na samaki huzifuata. Mwezi ukipevuka omena hutawanyika, mashua hupandishwa mchangani, na wenye nyavu hukaa kuzishona wakisubiri giza lirudi. Ufuo huu uliuhesabu mwezi kabla mtu yeyote hajaukanyaga.

3. Kenya nayo si mgeni katika jambo hili. Tarehe 26 Aprili 1967, miaka sita baada ya Yuri Gagarin kuizunguka dunia, Waitalia walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimikwa baharini Ngomeni, karibu na Malindi. Walikuja kwa sababu ya Ikweta. Hapa dunia hujizungusha kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekezwa huko hupata kasi hiyo bila kuilipia mafuta. Tena mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, kwa hiyo vipande vinavyodondoka njiani haviangukii nyumba ya mtu. Hadi mwaka 1988 setilaiti tisa zilikuwa zimepaa kutoka pale. Mojawapo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, ilipewa jina la Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, na kazi yake ilichangia Tuzo ya Nobel aliyopewa Riccardo Giacconi mwaka 2002. Nchi ilitoa mahali na ikatoa jina.

4. Wazee wa chama wameomba jambo moja liandikwe. Julai 1969, ulimwengu ulipokuwa ukisubiri habari za Apollo 11, watu wa ziwa hili walikuwa matangani. Waziri Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 mwezi huo, akazikwa katika kisiwa cha Rusinga, humu ziwani. Tarehe 20 Neil Armstrong akashuka mwezini. Linaandikwa hapa ili isidhaniwe kwamba kimya cha watu wa ziwa katika siku zile kilikuwa cha kutojali.

5. Karungu inajua pia maana ya kitu chake kusomewa mbali. Mwaka 1911 mtaalamu mmoja wa London alitangaza aina mpya ya mnyama wa kale wa jamii ya tembo, mwenye pembe zilizochomoza kwenye taya la chini na kupinda kuelekea ardhini, kutokana na mabaki yaliyotoka hapa. Mwaka huohuo mwanajiolojia Felix Oswald alifika kuchimba zaidi kwa niaba ya jumba la makumbusho la Uingereza. Mifupa ilivuka bahari. Elimu yake ilichukua muda mrefu mno kurudi, na kwa wengi wa watoto wetu haijarudi bado. Chama hakifufui hoja ya ruhusa za wakati ule. Kinasema tu kwamba ziwa hili sasa hupigwa picha kutoka juu kila siku, mawingu yake na magugu maji yake, na kwamba mwendo wa picha hizo usifanane na mwendo wa mifupa ile.

6. Sheria iko wazi. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unatamka kwamba uchunguzi wa anga hizo ufanywe kwa manufaa ya nchi zote, bila kujali kiwango chao cha maendeleo, na kwamba hakuna taifa linaloweza kuzimiliki. Kenya imeuridhia, na Ibara ya 2(6) ya Katiba hufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria zetu. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa Serikali. Yafaa kukumbuka pia kwamba Desemba 1976 Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi za Ikweta zilizotia saini Azimio la Bogotá, zikidai sehemu ya mzingo ulio takriban kilomita 36,000 juu yao, ambako setilaiti huonekana kana kwamba zimesimama. Dai hilo halikukubaliwa na mataifa, na chama hakililei. Lakini lalamiko lililolizaa, kwamba wa kwanza kufika hujichukulia nafasi na wa chini hubaki kutazama, halijapata jibu. Leo linahusu mwezi wenyewe, ambako mataifa na makampuni yanapanga kurudi na kukaa.

7. Kutazama nako kuna hatari zake. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba ilikuwa kipande cha roketi. Mkataba wa mwaka 1972 kuhusu dhima unalibebesha taifa lililorusha wajibu wa kulipa madhara yote yatokeayo ardhini, hata bila kuthibitishwa uzembe. Mwananchi aliyeangukiwa hapaswi kuusikia mkataba huo kwa mara ya kwanza siku ya kuangukiwa.

8. Msimamo wa chama, basi, ni huu. Hatupingi safari za binadamu angani, na siku Mkenya atakapokwenda tutashangilia kama wengine. Tuliifurahia pia Taifa-1, ingawa setilaiti hiyo ya nchi ya Ngomeni ilibidi ipelekwe California kurushwa, tarehe 15 Aprili 2023. Ila tunakataa kwamba hatua ya taifa angani ipimwe kwa sherehe za kurusha. Usiku pepo za nchi kavu huvuma kutoka kila upande kuelekea ziwani, hukutana katikati, na hapo ndipo radi hujengeka. Giza linalomleta omena ndilo linaloficha wingu. Nahodha aliye kwenye maji haoni kitu hadi upepo umfikie usoni. Setilaiti huliona wingu likikua mapema. Umbali kati ya setilaiti na nahodha huyo ndio kipimo chetu.

9. Kwa hiyo chama kinazitaka mamlaka husika zihakikishe kwamba tahadhari ya dhoruba inafika kila mwalo kabla ya mashua kutoka jioni, kwa Kiswahili na kwa Dholuo, kwa maneno ambayo nahodha atayafuata bila mkalimani. Kinataka pia picha za ghuba ya Karungu zinazopokelewa kwa fedha za umma zifunguliwe kwa shule zetu za sekondari. Na mkataba wowote mpya kuhusu Ngomeni usitiwe saini kabla wananchi hawajashirikishwa, wakiwemo wa bara na wa ziwa, kwa kuwa Ikweta haiishii Pwani.

10. Kwa upande wake, chama kimeazimia kwamba kuanzia giza la mwezi ujao, kila mwalo utakuwa na daftari. Ndani yake itaandikwa saa tahadhari ilipopokelewa, kama ilipokelewa; saa dhoruba ilipoonekana; mashua zilizotoka na zilizorudi. Baada ya miezi kumi na miwili nakala zitawasilishwa katika Bunge la Kaunti, pamoja na ombi la maandishi chini ya Ibara ya 35. Hadi hapo wawakilishi wa chama hawatahudhuria hafla yoyote ya anga za juu kwa heshima ya kukalia viti tu.

11. Tamko hili limesomwa Sori kwa Kiswahili, likarudiwa kwa Dholuo, likakubaliwa kwa mikono iliyoinuliwa, mkutano ukafungwa mapema kwa kuwa usiku huo haukuwa na mwezi.