Umri wa Chura na Urefu wa Mlima



Mvua zianzapo mwezi wa Novemba hapa Ng'ambo, baadhi ya vijana wetu huwafuata vyura madimbwini kwa mawe na chumvi. Jambo hili halifai. Imepokewa katika mkusanyo wa Abu Dawud kwamba tabibu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akamkataza kumwua. Ikiwa hata kwa dawa imekatazwa, sembuse kwa mchezo?

Tena huyo apigwaye jiwe yamkini amekwisha kuona masika mengi. Wataalamu huujua umri wake kwa mfupa wa kidole. Hukata ncha ndogo, wakamwachilia akaenda zake, kisha huutazama mfupa ule kwa hadubini. Majira ya chakula mfupa hukua. Majira ya baridi kali au ya ukavu, mnyama akijificha ardhini, kukua husita, ukabaki mstari mfano wa pete za mti. Kwa kawaida mstari mmoja ni mwaka mmoja.

Ulaya yuko jamaa ya chura aitwaye nyuti, mwenye umbo la mjusi na ngozi laini. Huku Afrika Mashariki hayuko. Kwa mistari hiyo imeonekana kwamba nyuti wa milimani mara nyingi huchelewa kubaleghe, na huishi miaka mingi kuliko wa mabondeni. Sababu ni baridi. Kila mtu apandapo mita 1,000 joto hupungua kadiri ya digrii 6, na miili ya viumbe hawa hufuata joto la mahali walipo. Theluji ikikawia kuyeyuka, siku za kula huwa chache.

Na ukubwa je? Hapa hapana kanuni moja. Aliyechelewa kubaleghe amepata miaka zaidi ya kukua, kwani baada ya kubaleghe kukua hupungua sana. Lakini msimu ukiwa mfupi mno, miaka hiyo haimfidii, akabaki mdogo.

Misafara ya zamani ilipanda kutoka Bagamoyo pwani hata Tabora, mita 1,200 hivi, ikateremka Ujiji, karibu mita 800. Katika njia hiyo yote hapana theluji. Kwetu kimzuiacho chura ni kiangazi, toka Mei hata Oktoba.

Kijana apendaye kujifunza na aende dimbwini usiku na taa, pamoja na mkubwa wake. Atamwona dume, ambaye ndiye aliaye, jinsi koo lake livimbavyo.